Isale Lililobaki Mlangoni

Martin alipopiga simu mwenyewe, Mektrida alijua nyumbani kuna jambo.

Kaka yake huyo hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kubipu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, mabati, misumari, saruji, hali yake si mbaya hata kidogo, lakini atakubipu mpaka umhurumie. Sasa leo anapiga, tena simu ya video, tena anaongea taratibu kama padri kwenye kitubio.

"Mdogo wangu, unakula vizuri huko? Usijali kitu. Ukitua KIA tutakuja kukupokea sisi wenyewe."

"Sisi kina nani?"

"Sisi tu. Ndugu."

"Mama yuko wapi?"

"Mama amelala."

Jua la Rombo lilikuwa limeshapanda wakati huo. Mama yake Mektrida, mwanamke anayeamka kabla ya jogoo na kuwasema waliobaki kitandani, eti amelala mchana! Mektrida alisimama na ile simu kwenye korido nyembamba ya wafanyakazi, chini kabisa ya meli.

Sisi watu wa mlimani tuna tabia moja, nitaisema hata kama mtaninunia. Msiba hausemwi kwenye simu. Mtu akiwa mbali tunamdanganya. Njoo, kuna kikao cha ukoo. Njoo, mgonjwa anakuulizia. Tunamdanganya kwa huruma mpaka afike aone turubai kwa macho yake, maana akisikia njiani peke yake, nani atamshika? Haya, sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa kwetu akibembelezwa kidogo tu, anaanza kuhesabu ndugu zake.

Mektrida alihesabu, na akaanza na mama.

Alizaliwa juu kidogo ya Tarakea. Utotoni alibeba maharage gulioni pamoja na mama yake, ukubwani akatandika vitanda kwenye hoteli moja ya wapanda mlima pale Moshi, na kutoka hapo wakala mmoja akampeleka kwenye meli za watalii. Mpaka leo hajui kuogelea. Kazi ni ileile, kutandika na kusugua, ila sasa hoteli inaelea. Hii ilikuwa meli kubwa kama kata nzima, imejaa wazee wa Ulaya waliolipia kuzunguka dunia, na safari ilikuwa ukingoni. Zilibaki siku chache wafike Uingereza, abiria washuke, na Mektrida apande ndege kwenda nyumbani, ambako kulikuwa na jani linamsubiri mlangoni.

Hilo jani lazima nilieleze, maana ndilo lenye hadithi.

Mektrida alimjengea mama yake nyumba kwenye kihamba, shamba la migomba la familia, na yeye mwenyewe akajenga kijumba pembeni, kwenye kipande ambacho mama alimwonyesha. Mama alipanda masale kwa mkono wake, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani, kuonyesha cha Mektrida kinaanzia wapi. Sasa kihamba kwa mila ni cha kitindamimba, na kitindamimba ni Leodegar. Siku ya ubatizo fulani Leodegar alikunywa mbege ikamzidi, akasimama mbele ya watu akasema, "Mwanamke hana kihamba. Kihamba chake Mektrida kiko baharini." Watu wakacheka. Kesho yake asubuhi, pombe ikiwa bado kichwani, akang'oa masale yote, mstari mzima, akapanda miche ya parachichi.

Mektrida alikuwa likizo. Alisimama dirishani akamtazama mpaka alipomaliza. Huyo ndiye mtoto aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea uzito wake. Akilia, Mektrida ndiye aliyemtafunia chakula. Iliuma. Iliuma kuliko talaka yake.

Pombe ilipomtoka, Leodegar akaona alichokifanya. Akafanya anachofanya Mchagga yeyote akikosa: alichukua jani la isale, akalipiga fundo, akamtuma mzee kulipeleka kumwombea msamaha. Aliyetumwa ni baba yao mkubwa, mzee Sylvanus. Na isale, ndugu zangu, halikataliwi. Hata aliyemwaga damu akileta isale, unalipokea. Unaweza kulia, unaweza kutukana kwanza, lakini unalipokea, na mzee aliyelileta anarudi na jibu.

Mektrida alikuwa anafunga begi la safari. Akamwambia, "Baba mkubwa, lifunge hapo kwenye kitasa cha mlango wangu. Nikirudi nitaliangalia."

Katika maisha yake yote mzee Sylvanus hakuwahi kuliona jambo hilo. Mektrida hakukataa, hakukubali! Ujanja huo aliutoa wapi, sijui. Labda baharini hukohuko. Mzee akalifunga jani kwenye kitasa, na Mektrida akaondoka.

Tangu hapo kila Jumapili mama akipiga, mazungumzo yaliishia palepale. "Mdogo wako anakusalimia."

"Mama, mtandao unakatika," Mektrida anajibu, na kukata simu.

Mtandao haukuwa unakatika hata kidogo.

Lakini msimwone ana moyo wa jiwe. Moyo wake ulikuwa umeshalainika siku nyingi, tangu walipopita Bahari ya Hindi akanusa harufu ya mvua ikamjia ile ya migombani. Alishaamua. Angefika, angelifungua lile jani kwa mkono wake, angemwita Leodegar na kumpa kofi moja la dada halafu wale mtori pamoja. Ila alitaka kumwambia uso kwa uso. Simu si mahali pa kupokelea isale, alijiambia. Kiburi kina maneno mazuri sana.

Basi baada ya simu ya Martin, meli ikaingia kwenye ukungu. Ukungu Mektrida anaujua; Rombo mwezi wa saba huoni hata mgomba ulio mlangoni pako. Lakini ukungu wa Rombo una watu ndani yake, unasikia ng'ombe, unasikia mtu anakohoa shambani. Huu wa baharini haukuwa na kitu. Ilikuwa honi ya meli tu, inalia, inanyamaza, inalia tena. Huko juu wazee walikuwa wanacheza dansi za kuagana, muziki unashuka mpaka kwenye vyumba vya wafanyakazi, na masanduku yameshaanza kupangwa kwenye korido. Mektrida alipita katikati yake na ndoo yake, anawaza mama.

Alipiga tena. Mama ameenda jumuiya. Alipiga kesho yake. Mama yuko kwa jirani, simu ameiacha.

Na Elinipendo naye alikuwa amebadilika. Elinipendo alikuwa binti wa Masama anayefanya kazi ya kufua mashuka melini, Mlutheri, mdogo wake kwa umri. Kichagga cha Masama na cha Rombo hakisikilizani, kwa hiyo waliongea Kiswahili na kutaniana kutwa nzima. Nyie Warombo mbege inawasahaulisha njia ya kanisani. Nyie wa Masama mnahesabu mpaka ndizi alizokula mgeni. Ndiyo ilikuwa salamu yao. Ghafla utani ukakoma. Elinipendo akawa anamletea chai. Akampigia pasi sare zake bila kuombwa.

"We mtoto una nini?" Mektrida akamuuliza. "Umeiba mashuka?"

Elinipendo hakucheka. "Dada, nimebadilisha tiketi yangu. Tutasafiri pamoja mpaka KIA."

"Si ulisema unapitia Dubai kununua vitu?"

"Nimeghairi."

"Na macho yamefanyaje?"

"Mvuke wa kule chumba cha kufulia," akasema, na kugeuka kupanga mashuka yaliyokwisha kupangwa.

Mektrida hakuuliza tena. Aliogopa kuuliza. Usiku alikuwa na rozari mkononi, akimwomba Bikira Maria amlindie mama yake mpaka afike, na katika majina yote aliyoyataja, jina la Leodegar hakulitaja, kwa mazoea tu.

Katika siku hizohizo akafa mzee Mathew.

Mzee Mathew alikuwa abiria wa chumba cha mwisho upande wa Mektrida, yeye na mkewe Mary. Alikuwa mcheshi. Mektrida alimfundisha neno shikamoo, na kila asubuhi alimwamkia yeye, "Shikamoo, Mektrida!" na Mektrida anacheka, "Mzee, wewe ndiye wa kuamkiwa!" Hakuwahi kulishika. Alikufa usingizini. Wakamtoa kwa korido ya wafanyakazi wakati abiria wengine wanapata kifungua kinywa, wakampeleka chini kwenye chumba cha baridi, kwa maana meli hizi zimebeba wazee na zimejiandaa. Msimamizi akawakusanya wahudumu. Mkewe hataki watu wajue mpaka tufike, alisema. Ukiulizwa, mwambie bwana anapumzika.

Haikuchukua muda. Mama mmoja mwembamba wa chumba cha jirani, aliyezoea kucheza karata na mzee Mathew, akamsimamisha Mektrida koridoni. Mbona simwoni Mathew? Yu mgonjwa?

Mektrida akatabasamu. Akainamisha kichwa kidogo upande, akapunguza sauti, akaifanya laini kama mtindi. "Hapana, mama. Amelala tu, anapumzika. Usijali kitu."

Yule mama akashukuru, akaenda zake na karata zake mkononi.

Mektrida akabaki amesimama. Ile sauti. Aliijua ile sauti! Ilikuwa sauti ya Martin, na maneno ni ya Martin, amelala, usijali kitu. Akakaa juu ya sanduku la mtu. Sasa hakuwa anadhani tena. Alijua kwa mdomo wake mwenyewe sauti hiyo inatumika kufunika nini.

Aliacha ndoo palepale akakimbilia chini, akapiga. Martin alipopokea hakumpa nafasi ya salamu. "Nipe mama nimwone. Usiniambie amelala, usiniambie yuko jumuiya. Nipe mama sasa hivi, Martin, au najitupa kwenye maji haya!"

Minong'ono. Picha ikatikisika, ikaonekana dari, ikaonekana kanga, halafu ukaonekana uso wa mama.

"Mama! Mama, uko hai!"

"Niko hai, mwanangu," mama akasema. "Mimi niko hai."

Oo, furaha iliyomshika! Mektrida alicheka, akalia, akakibusu kile kioo. Mama alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, sauti imemkauka. Mafua, alisema, baridi ya mwezi huu mbaya. Akamuuliza anafika lini. Akamwambia ale vizuri. Akamwambia Mungu ni mwema. Wakaagana. Mektrida akapanda ngazi anaimba, akamkuta Elinipendo akamkumbatia na kumzungusha. "Mama mzima! Nilikuwa nakufa bure, mama yangu mzima!"

Elinipendo alimkumbatia naye, akamshika kwa nguvu sana.

Furaha ile ilidumu mpaka jioni. Mektrida alikuwa anavua foronya za vitanda vya abiria kwa mara ya mwisho, anazirusha kwenye toroli, huku akiyarudia mazungumzo ya mama neno kwa neno kama mtu anayeramba kijiko. Anafika lini. Ale vizuri. Mungu ni mwema. Halafu wakaagana.

Foronya ikamkwama mkononi.

Mama hakusema. Wiki nenda wiki rudi, mwaka mzima, hajawahi kuagana bila kusema. Mama angesahau kusali kabla ya kusahau neno lile. Na leo wameagana tu, kwaheri, basi. Mdogo wako anakusalimia hakulisema.

Honi ya meli ikalia nje kwenye ukungu. Mektrida akaitoa simu mfukoni, vidole vikikosea namba.

"Martin. Mpe Leodegar simu."

Jina hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu siku ile ya masale. Nyuma ya Martin watu walikuwa wanaimba, wanawake wengi, wimbo wa kanisani, na mtu akafunga mlango haraka sauti ikafifia.

"Amelala," Martin akasema.

"Mwamshe."

"Mektrida..."

"Nimesema mwamshe! Mwambie dada yake anataka kuongea naye!"

"Mtandao unakatika, mdogo wangu," Martin akasema, na kukata.

Kuanzia hapo Mektrida hakuuliza tena mtu yeyote. Mnaweza kumcheka, lakini mimi namwelewa. Ukiuliza utajibiwa. Usipouliza, bado amelala. Alimaliza vyumba vyake. Meli ilipotia nanga abiria walishuka wakibusiana, na Bi Mary alishuka wa mwisho, peke yake, na kofia ya mumewe mkononi. Alisimama mbele ya Mektrida akamshukuru kwa kuitunza siri. "Kila mlipowaambia amelala," alisema, "hata mimi niliamini kidogo." Mektrida alimshika mikono. Alitaka kumjibu, Kiingereza kikamkimbia.

Kwenye ndege Elinipendo alikaa kando yake, hakumwacha hata kwenda chooni peke yake.

KIA walikuja wengi. Martin, mkewe, akina mama wa jumuiya wamejifunga kanga kiunoni, na magari mawili ya Noah. Hakuna aliyeuliza amewaletea nini. Watu wanapomlaki mtu wa meli na hakuna hata mmoja anayetazama mabegi yake, jamani! Wakampakia katikati, Elinipendo upande huu, mama wa jumuiya upande huu. Masama ya Elinipendo ilikuwa karibu, wangeweza kumshusha Bomang'ombe kwa ndugu zake, lakini waliipita Bomang'ombe bila kusimama, na hakuna aliyeitaja. Njia nzima Martin aliongea habari za mvua na bei ya parachichi. Himo mtu mmoja akanong'ona kwenye simu, "Tumefika Himo." Walipofika mji wa Mkuu akanong'ona tena. Mlima ulikuwa umejifunika, hauonekani hata kidogo. Mektrida alitazama migomba inapita dirishani, akawa anasema moyoni, amelala, amelala, amelala.

Gari likakata kona ya mwisho, na kitu cha kwanza alichokiona ni masale.

Mstari mzima. Yamepandwa upya, mabichi, udongo bado mwekundu kwenye mashina, kutoka njiani mpaka nyuma ya kijumba chake, palepale mama alipoyapanda zamani. Miche ya parachichi haikuwapo. Moyo wake ukaruka kwa furaha, nusu ya pumzi tu, kwa sababu nyuma ya masale kulikuwa na turubai, na chini ya turubai watu wengi kwenye viti vya plastiki, na walipoliona gari wanawake wakapiga yowe.

Elinipendo akamshika kiuno. Ndilo Martin alilomwomba kwa simu, na ndilo alilolijia kutoka kote huko.

Mama alikuwa amekaa mkekani sebuleni, kando ya jeneza. Alinyoosha mikono kama mtoto anayetaka kubebwa. "Nilishindwa kukuambia," alilia. "Nilishindwa, mwanangu. Ningesemaje anakusalimia?"

Walimweleza sasa, wote kwa pamoja, kama ilivyo kawaida yetu: tunaficha wiki nzima halafu tunasema kwa dakika moja. Leodegar alikuwa amepanda juu ya mti wa mgrevilea kukata majani ya ng'ombe wa mama. Kulinyesha, akateleza kwenye tawi, akaanguka. Juma hilohilo ndipo alipokuwa amemaliza kupanda masale. Alisema Mektrida akirudi aukute mpaka wake mahali pake.

"Kwa nini hamkumzika?" Mektrida akauliza. Aliona vumbi la safari ya mochwari kwenye jeneza, aliona maua yaliyoanza kunyauka. "Mngemzika. Mmemchosha."

Ndipo mzee Sylvanus akasogea na fimbo yake. "Shikamoo, baba mkubwa," Mektrida akasema.

"Marahaba." Mzee hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Alinituma kwako, nikaenda. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kuniuliza, baba mkubwa, jibu limekuja? Nikawa namwambia bado. Nitamfukiaje mtu ambaye bado anasubiri jibu?"

Mektrida akatoka nje. Watu wakampisha. Alikwenda mpaka kwenye kijumba chake, na pale kwenye kitasa lilikuwepo, limekauka, limekuwa la kahawia, ila fundo la kwanza lilikuwa bado limekaza. Leodegar alikuwa hodari wa mafundo tangu utoto; mbuzi aliyefungwa na yeye hakuwahi kufunguka. Vidole havikuliweza. Mtu akamletea kisu, akakikataa. Alilifungua kwa meno, taratibu, jani likimvunjikia mdomoni, mpaka lote likawa mkononi mwake.

Akarudi nalo ndani. Waimbaji walinyamaza. Wakamfunulia kioo cha jeneza, akamwona mdogo wake, ndevu zimenyolewa vibaya na mtu asiyemjua. Aliuweka mkono wenye jani juu ya kioo.

"Leodegar," akasema. "Nimelipokea."

Akatulia kidogo, kama mtu anayesubiri kwenye simu.

"Na salamu zako zilinifika. Zote. Mtandao haukuwa unakatika."